Linux Imegoma Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaotumia Linux Dodoma na wilaya zake: wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na Chuo cha Mipango, wenye steshenari za Majengo na Nkuhungu, walimu wa Kondoa na Kongwa, na watumishi waliojinunulia laptopu za mtumba. Amri zote ni za Ubuntu, Linux Mint na Debian, maana ndizo zinazotumika sana huku. Amri inayoanza na `sudo` itakuomba nywila. Ukiiandika huenda usione chochote kwenye skrini, na hiyo ni kawaida.

## Kabla hujagusa chochote

1. Kompyuta imegoma. Nianzie wapi?

Soma kilichoandikwa kwenye skrini neno kwa neno, kisha kipige picha kwa simu kabla hakijapotea. Wengi hutuandikia "imeleta maandishi meupe halafu ikazima". Maandishi hayo meupe ndiyo yaliyobeba jibu, na bila hayo tunabaki kubahatisha.

Halafu jiulize kilichobadilika tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi vizuri. Umeme ulikatika? Ulisasisha mfumo? Umeongeza RAM (kumbukumbu ya muda)? Ilidondoka? Mdogo wako aliitumia? Ukishapata wa kushuku, badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Anayebadilisha vitu vitano kwa mpigo huenda akaiponya kompyuta, lakini ikirudia hatajua dawa ilikuwa ipi.

2. Logi ninazisomaje?

Logi ni kumbukumbu ambazo mfumo hujiandikia kila unapofanya jambo. Fungua teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika:

```
journalctl -b -1 -p err
```

Hapo umeomba makosa yote ya safari iliyopita ya kuwaka, yaani kabla kompyuta haijazimika. Ukiondoa `-1` utaona ya safari hii. Kwa mambo ya vifaa, kama diski, USB au Wi-Fi, tumia `sudo dmesg -T`, kisha tazama mistari ya mwisho mara tu baada ya kuchomeka kifaa kinachosumbua.

Angalia saa. Logi huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo kompyuta iliyozimika saa mbili usiku itafute kwenye 20:00, na ya saa nane mchana kwenye 14:00. Watu wamesoma mistari isiyohusika kabisa kwa sababu ya tofauti hiyo. Pia usiogope kila mstari mwekundu, kwa kuwa hata kompyuta nzima huwa na malalamiko madogo kila inapowaka. Tafuta mistari iliyokaribiana na dakika ya tatizo.

3. Kwa nini nisipige upya (kuweka mfumo mpya) tu, yaishe?

Kwa sababu mara nyingi hayaishi. Kama diski inakufa, mfumo mpya utaandikwa juu ya diski ileile inayokufa. Kama feni imeziba vumbi, mfumo mpya utazimika mchana kama wa zamani. Umepoteza faili, umepoteza ushahidi, na umetumia bando kushusha faili la Ubuntu la zaidi ya GB 5.

Linux ina uzuri huu: karibu kila kinachoharibika kinaweza kutengenezwa kipande kwa kipande, na mfumo wenyewe hukuambia kipande kipi. Fundi anayependekeza kupiga upya kabla hajafungua logi hata moja, muulize kwa heshima ameona nini. Hali ambayo sisi wenyewe hupiga upya ipo kwenye swali la 25.

## Umeme na kuwaka

4. Umeme ulikatika. Sasa ikiwaka inaishia kwenye neno `initramfs` na kusubiri.

Hili linatufikia kuliko yote, hasa kutoka kwa wenye kompyuta za mezani. Umeme ulikatika wakati mfumo uko katikati ya kuandika kwenye diski. Mfumo wa faili wa ext4, ambao Ubuntu, Debian na Mint huuweka usipochagua mwingine, una daftari la ndani ambamo mabadiliko huandikwa kwanza kabla ya kutekelezwa. Ndiyo maana mara nyingi umeme hukatika na kompyuta ikawaka bila neno. Safari hii uharibifu umezidi kile ambacho mfumo unaruhusiwa kurekebisha wenyewe, kwa hiyo umesimama kukuomba ruhusa.

Juu kidogo ya mahali pa kuandika utaona mstari unaotaja jina la sehemu ya diski, mathalani `/dev/sda2`, na maneno `RUN fsck MANUALLY`. Kabla ya kufanya lolote, angalia kama kuna mistari yenye `I/O error`. Ikiwepo, acha kila kitu uende swali la 13, kwa sababu diski yenyewe ni mgonjwa na kuilazimisha kujirekebisha kunaweza kuimalizia. Isipokuwepo, andika, ukiweka jina uliloliona kwenye skrini yako:

```
fsck -y /dev/sda2
```

`fsck` hukagua na kurekebisha mfumo wa faili. Alama ya `-y` inaijibu "ndiyo" kwa kila swali itakalouliza, na inaweza kuuliza mamia. Usizime hata kama inachukua muda mrefu. Ikimaliza andika `reboot`. Mara nyingi kompyuta huwaka na kila kitu kipo. Vipande vya faili vilivyopoteza mahali pake hukusanywa kwenye folda iitwayo `lost+found`.

Kama mstari wa kutaja diski haupo, andika `blkid` uone orodha. Kama diski haionekani kabisa hata humo, fungua uangalie waya wake kwanza. Kwenye kompyuta za mezani waya wa SATA hulegea kwa kusafirishwa, na barabara za kwenda wilayani mnazijua.

5. Nizuieje hali hiyo isijirudie?

Kwa kompyuta ya mezani, nunua UPS (betri ya akiba) kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kuipamba. Hata ndogo inayokupa dakika chache inatosha kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Stebilaiza peke yake haitoshi: inasawazisha umeme unaopanda na kushuka, lakini ukikatika na yenyewe inakatika.

Kwa laptopu, betri ndiyo UPS yako, kwa hiyo iangalie. Andika `upower -d`, kisha tafuta mstari wa `capacity`. Ukisoma asilimia 40, betri yako inabeba chini ya nusu ya ilivyobeba ilipokuwa mpya. Laptopu inayotembea kwa chaja tu, betri ikiwa imekufa, iko kwenye hatari ileile ya kompyuta ya mezani.

Umeme ukikatika na huna UPS, chomoa chaja na waya ukutani. Unaporudi huweza kuja kwa mshtuko, na adapta ndiyo inayoumia kwanza.

6. Nimesasisha, sasa inawaka skrini nyeusi.

Kwanza jaribu kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya zamani. Mfumo haufuti ya zamani mara moja unapoweka mpya. Washa kompyuta, bonyeza Esc mara kwa mara, au ushikilie Shift kwenye mashine za zamani, mpaka menyu ya GRUB, ya kuchagua cha kuwasha, itokee. Ingia `Advanced options`, chagua kerneli ya pili yake. Ikiwaka, umejua tatizo ni kerneli mpya, na unaweza kuendelea na kazi zako ukisubiri sasisho jingine.

Isipowaka, rudi kwenye menyu hiyo, simama kwenye mstari wa kwanza, bonyeza `e`. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, nenda mwisho wake, ongeza nafasi na neno `nomodeset`, kisha bonyeza F10. Hii huzima draiva ya picha kwa safari hiyo moja tu. Ikiwaka kwa njia hiyo, tatizo ni draiva ya kadi ya picha, mara nyingi NVIDIA, na `sudo ubuntu-drivers install` kwenye Ubuntu humaliza mengi.

Kama unafika kwenye ukurasa wa kuingia lakini ukiandika nywila unarudishwa palepale, usihangaike na draiva. Soma swali la 12.

7. Haiwaki kabisa, au inalia tu.

Hapo Linux bado haijafikiwa. Tatizo ni vifaa. Kwa laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika hivi, rudisha chaja peke yake, washa. Ikilia milio bila picha, washukiwa wa kwanza ni RAM. Zitoe, zisugue taratibu sehemu za rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli iliyo safi, futa unga wake, zirudishe mpaka zibane. Kama zipo mbili, jaribu moja moja.

8. Kila nikizima, tarehe inarudi nyuma, na tovuti zote zinasema si salama.

Betri ndogo ya mviringo ya kwenye ubao mama imekwisha. Kwenye kompyuta za mezani huwa ni CR2032 ya volti 3, na unaibadilisha mwenyewe kwa dakika chache. Saa ikiwa imerudi miaka nyuma, vyeti vya usalama vya tovuti huonekana havijaanza kutumika, na `apt` nayo hukataa kwa kusema `Release file is not valid yet`. Mtu huanza kulaumu mtandao, kumbe ni saa. Weka eneo sahihi:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
```

Kama saa inakosea kwa saa tatu kamili, na una Windows pamoja na Linux kwenye mashine moja, betri yako ni nzima. Windows huandika saa ya hapa kwenye ubao, Linux huandika saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Andika `sudo timedatectl set-local-rtc 1`, zielewane.

## Vumbi na joto

9. Laptopu inazima ghafla mchana, asubuhi haina shida.

Inajizima kujiokoa na joto. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua zinaporudi kuelekea mwisho wa mwaka, Dodoma ni kavu na upepo hausimami. Maeneo yanayojengwa kwa kasi kama Nzuguni, Ihumwa na Mtumba yana vumbi jekundu linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa. Feni ya laptopu hulivuta kutwa nzima.

Thibitisha kabla ya kufungua:

```
sudo apt install lm-sensors
sensors
```

Laptopu iliyotulia bila kazi nzito ikisoma nyuzi 75 au 80, kuna tatizo. Prosesa nyingi za laptopu hujizima zikikaribia nyuzi 100, na kabla ya hapo hupunguza kasi, ndiyo maana mashine huwa nzito kwanza kisha ndipo izime. Kwenye logi tafuta `journalctl -k -b -1 | grep -i thermal`. Ukiona logi imekatika katikati bila mistari ya kuaga, hiyo nayo ni dalili ya kuzimika kwa ghafla: joto au umeme.

Ukifungua mashine kama hiyo, tazama pale feni inapopulizia kwenye mapezi ya shaba. Feni yenyewe inaweza kuonekana safi. Vumbi lililochanganyika na nywele na nyuzi za nguo huganda upande wa ndani wa mapezi, likatengeneza tabaka nene kama blanketi, na hewa haipiti hata kidogo. Kupuliza kutoka nje hakulitoi. Inabidi ufungue feni, uliondoe lote kwa mkono.

10. Naweza kusafisha mwenyewe?

Ndiyo, kama una bisibisi inayofaa na subira. Zima kabisa, chomoa chaja, na betri ikiwa ya ndani ichomoe waya wake kabla ya kugusa kingine. Panga skrubu kwenye karatasi kwa jinsi zilivyokaa, kwa sababu urefu unatofautiana na ndefu ikiingia pa fupi inatoboa. Tumia brashi laini ya rangi iliyo kavu. Ukitumia bulowa, zuia feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa kasi kubwa inaweza kuharibika. Usitumie maji wala kitambaa chenye unyevu.

Kama umeondoa shaba juu ya prosesa, lazima usafishe pesti (ute wa kupitisha joto) ya zamani na kuweka mpya. Pesti ya miaka mingi hukauka ikawa unga, na hapo hata feni mpya haisaidii. Kwa wanaoishi kando ya barabara ya vumbi, tunashauri usafi mara mbili kwa mwaka. Na usiweke laptopu juu ya kitanda au mto, kwani unaziba matundu yake ya chini.

11. Haizimi, inaganda tu. Mausi haisogei.

Subiri dakika mbili tatu kwanza, ukiangalia taa ya diski. Ikimetameta mfululizo, RAM imejaa na mfumo unahamishia mambo kwenye diski. Mashine yenye GB 4 na kurasa nyingi za kivinjari hufika hapo haraka. Jaribu Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi, ingia, andika `top`, bonyeza herufi kubwa `M` uone anayekula kumbukumbu, kisha `k` na namba yake umuondoe.

Ikikataa hata hapo, usibonyeze kitufe cha kuzimia. Shikilia Alt na kitufe cha Print Screen, kisha bonyeza S, U, B kwa kupishanisha sekunde chache. S inaandika kilichobaki kwenye diski, U inafunga diski isiandikwe tena, B inawasha upya. Ubuntu inaruhusu hizo tatu bila kubadili mpangilio wowote, na zinakuokoa na yale ya swali la 4.

Kama ni tabia ya kila siku, ongeza RAM ukiweza. Usipoweza, `sudo apt install zram-tools` husaidia kwa kubana vilivyomo kwenye kumbukumbu. Kama inaganda hata RAM ikiwa tupu, soma joto kwenye swali la 9 na diski kwenye swali la 13.

## Diski na faili

12. Inasema diski imejaa, na mimi sina faili kubwa.

Pia inakuhusu kama nywila ni sahihi lakini unarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Mfumo ukikosa nafasi ya kuandika hata faili dogo, hauwezi kukufungulia. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, andika `df -h`. Mstari ulioandikwa `/` mwishoni ndio wa kutazama.

Ukikuta asilimia 100, anza na yasiyo na madhara:

```
sudo apt clean
sudo apt autoremove --purge
sudo journalctl --vacuum-size=200M
```

Ya kwanza inafuta vifurushi vilivyoshushwa, ya pili kerneli za zamani, ya tatu logi zilizorundikana. Halafu mtafute mlaji: `sudo du -xh / --max-depth=2 | sort -h | tail -20`. Mara nyingi utakuta folda ya vilivyotupwa haijawahi kumwagwa, au video za WhatsApp zimehamishwa kutoka kwenye simu na kusahauliwa.

Kuna hali mbili za kushangaza. `df -h` inaonyesha nafasi ipo lakini bado unaambiwa imejaa: andika `df -i`. Kila faili linahitaji namba yake ya usajili, na mamilioni ya faili vidogo humaliza namba kabla ya kumaliza nafasi. Nyingine, umefuta faili kubwa na nafasi haikurudi: kuna programu bado imelishikilia. `sudo lsof +L1` itaitaja, iwashe upya.

13. Nitajuaje kama diski inakufa?

Dalili ni faili zinazochukua muda kufunguka, mlio wa kugonga kwenye diski za kuzunguka, na `I/O error` kwenye `dmesg`. Thibitisha:

```
sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda
```

Usiridhike na neno `PASSED` lililo juu. Diski nyingi mbovu hupita mtihani huo. Nenda kwenye jedwali, safu ya mwisho kulia, usome mistari mitatu: `Reallocated_Sector_Ct`, `Current_Pending_Sector` na `Offline_Uncorrectable`. Namba inayotakiwa ni 0. `Current_Pending_Sector` ikiwa na namba yoyote juu ya sifuri, kuna sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma, na kama hizo namba zinapanda wiki hadi wiki, muda wako ni mfupi. `UDMA_CRC_Error_Count` ikipanda peke yake, badilisha waya kwanza, diski inaweza kuwa nzima. Kwa SSD (diski zisizozunguka) za NVMe tumia `/dev/nvme0`, utazame `Percentage Used` na `Media and Data Integrity Errors`.

Diski ikishathibitika mbovu, acha kuitumia kwa kazi. Nakili vya thamani kwanza, tasnifu, hesabu za duka, picha za familia:

```
rsync -av ~/Documents /media/jina/diski-ya-nje/
```

Ikiwa inakwama kila mara, washa kompyuta kwa flashi ya Linux, utumie `ddrescue` kunakili diski nzima kwenda kwenye nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Huchukua vilivyo vizima kwanza, kisha hurudi kujaribu vibovu. Kufanya `fsck` kabla ya hapo ni kuhatarisha vilivyobaki.

14. Flashi au sehemu ya Windows inafunguka lakini haiandikiki.

Kwa sehemu ya Windows, sababu kubwa ni Windows kutozimwa kabisa. Ukibonyeza kuzima, huwa inahifadhi hali yake ili iwahi kuwaka, na Linux inakataa kuandika ili isiharibu. Rudi Windows, shikilia Shift huku ukibonyeza kuzima. Kwa flashi, ichomoe na kuirudisha, kisha soma `sudo dmesg -T | tail`. Flashi iliyochomolewa ovyo kwenye kompyuta za steshenari huwa na mfumo wa faili uliovurugika. Flashi inayokataa kuandikwa kwenye kila kompyuta imefika mwisho, okoa vilivyomo uiache.

15. Nimefuta faili kwa `rm`. Litarudi?

Acha kutumia kompyuta hapohapo, kila unachoandika kinaweza kukalia nafasi yake. Kwenye diski ya kuzunguka au flashi, programu ya PhotoRec hurudisha mengi, ingawa majina hupotea. Kwenye SSD matumaini ni madogo, kwa kuwa Ubuntu huiambia diski isafishe nafasi zilizoachwa, kila wiki. PhotoRec iendeshe kutoka kwenye flashi, na uhifadhi unavyovipata kwenye diski nyingine.

## Programu na bando

16. `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`.

Kuna programu nyingine inasasisha mfumo, mara nyingi sasisho la kujiendesha ulipounganisha mtandao. Subiri. Matoleo mapya hukutajia kabisa namba na jina la anayeshikilia. Ushauri unaozunguka wa kufuta faili la kufuli tunaupinga: ukilifuta programu mbili zitaandika orodha moja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo swali la 17 linapoanzia.

17. Sasisho lilikatika njiani, sasa hakuna kinachowekwa.

Hizi mbili, kwa mfuatano:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
```

Ya kwanza inamalizia vilivyoachwa nusu, ya pili inashusha vilivyokosekana. Hakikisha diski haijajaa kabla, swali la 12.

18. Bando langu ni dogo. Nisasisheje?

Weka hotspoti ya simu kama mtandao wa kulipia kwa kipimo: kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna kitufe chake, au `nmcli connection modify "jina-la-hotspoti" connection.metered yes`. Sasisho za kujiendesha zitaacha kuchota bila ruhusa. Ukifika kwenye mtandao wa chuo au ofisi, shusha bila kuweka: `sudo apt update && sudo apt upgrade --download-only`. Nyumbani utaandika `sudo apt upgrade` na haitachota tena.

Wenye kompyuta kadhaa za toleo moja, kwa mfano maabara ya shule, shusha kwenye moja kwa amri hiyo ya `--download-only`, nakili faili za `.deb` kutoka `/var/cache/apt/archives` kabla ya kuziweka, maana `apt` huzifuta ikishaziweka, upeleke kwa flashi kwenye folda hiyohiyo ya nyingine. Bando moja linahudumia darasa zima.

## Mtandao, printa, sauti

19. Wi-Fi haionekani kabisa.

Andika `rfkill list`. Ukiona `Soft blocked: yes`, tumia `rfkill unblock wifi`. Ikiwa `Hard blocked`, kuna swichi au kitufe kwenye laptopu yenyewe. Kama Wi-Fi haimo hata kwenye orodha, `lspci -nnk | grep -iA3 net` itakutajia kadi. Kadi za Broadcom, zilizo kwenye laptopu nyingi za mtumba, huhitaji draiva ya pembeni. Kupata mtandao wa kuishushia, chomeka simu kwa waya wa USB, uwashe kushea intaneti kwa USB. Linux huitambua papo hapo bila kuweka kitu.

20. Imeunganishwa lakini hakuna intaneti.

Hakikisha bando lipo. Kisha `ping -c 3 1.1.1.1`. Ikijibu, jaribu `ping -c 3 debian.org`. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikakataa, tatizo ni DNS, yaani kitabu cha majina, nawe weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya mtandao. Zote zikikataa, tatizo liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Vyuoni na hotelini mara nyingi kuna ukurasa wa kuingia uliofichika, na kufungua tovuti ya `http` isiyo na `s` huuibua. Tovuti zote zikilalamika usalama, rudi swali la 8.

21. Printa imepokea kazi lakini haichapi.

Kwa wenye steshenari, hii ni hela inayosubiri mlangoni. Andika `lpstat -t`. Ukiona printa imeandikwa `disabled`, mara nyingi karatasi ilikwama au waya ulichomoka na foleni ikasimamishwa. `cancel -a` inafuta foleni, `sudo cupsenable jina-la-printa` inaifungua. Mengine yanafanyika kwenye kivinjari kwa anwani `localhost:631`. Printa za HP huenda vizuri na kifurushi `hplip`, ila baadhi zinadai nyongeza inayoshushwa kwa `hp-plugin`.

22. Hakuna sauti.

Fungua `pavucontrol`, angalia sauti inaelekezwa wapi. Mara nyingi inaenda kwenye HDMI. Kisha `alsamixer`: palipoandikwa `MM` pamezimwa, bonyeza M.

## Yasiyo ya kila siku

23. Nimesahau nywila.

Kwenye menyu ya GRUB, swali la 6, chagua `recovery mode` kisha `root`. Andika `mount -o remount,rw /`, halafu `passwd` na jina lako la mtumiaji. Hili linawezekana kwa yeyote aliyeshika laptopu yako, kwa hiyo mwenye siri za ofisi asimbe diski (aifunge kwa nywila yake) wakati wa kuweka mfumo. Nywila ya diski iliyosimbwa ikisahaulika, hakuna mlango wa nyuma.

24. Katikati ya kazi kila kitu kimekuwa `Read-only file system`.

Mfumo umegundua kosa kwenye diski ukajifunga usiharibu zaidi. Usiulazimishe kufunguka. Soma `dmesg` ukiwa bado humo: `I/O error` inakupeleka swali la 13, makosa ya `EXT4-fs` bila hiyo yanakupeleka swali la 4.

25. Niliandika `sudo chmod -R 777 /` na sasa hata `sudo` inakataa.

Hapa tunapiga upya. Amri hiyo imefuta ruhusa za maelfu ya faili, kila moja ilikuwa na yake, na hakuna daftari kamili la kuzirudisha. Faili zako za nyumbani ni salama. Washa kwa flashi, zinakili, ndipo upige. Nyingi ya ajali hizi huanza kwa mtu kukataliwa kufungua folda moja. Dawa ya folda moja ni `sudo chown -R $USER` ikifuatiwa na njia ya folda hiyo peke yake.

26. Baba yuko Mpwapwa na laptopu imegoma, mimi niko mjini. Namsaidiaje?

Usimsomee amri kwa simu herufi kwa herufi. Nafasi moja ikikosewa, amri hubadilika maana, na mzee atachoka bure. Mtumie kwa WhatsApp, aifungue kwenye kivinjari cha laptopu kama mtandao upo, anakili na kubandika. Mwombe kwanza hii:

```
journalctl -b -1 > ~/logi.txt
```

Faili hilo akutumie. Ukilifungua huku ndani ya teminali utatafuta makosa kwa utulivu kuliko kuuliza "sasa imeandika nini?" kila dakika. Kama mashine haiwaki kabisa, akupigie picha ya skrini yote, simu ikiwa imetulia na taa ya chumba imezimwa ili maandishi yasing'ae. Ukiona `initramfs`, mtumie mstari wa swali la 4 ukiwa umeshajaza jina sahihi la diski kutoka kwenye picha hiyo. Ukiona `I/O error`, mwambie aizime na asiiwashe tena mpaka iletwe, na ikisafirishwa kwa basi ikae mapajani mwa mtu, isiwekwe kwenye buti.